Njia Waliyosema Haipitwi

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeachwa na mume wangu wa kwanza, nimerudi kwa mama na sanduku moja na hasira nyingi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikuwa mpole, kisha dhuluma ikaniamsha. Mimi sijapata kuwa mpole. Mama ndiye aliyekuwa mpole, na mambo haya yalikuwa yake kabla hayajawa yangu.

Mama alikuwa mjane na alisomesha. Chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, kilikuwa chuo cha wasichana. Walikuja ishirini na watatu, wa miaka sita mpaka kumi na mitatu, wakakaa juu ya mikeka, na kila mmoja akasoma Kurani mahali alipofika yeye, kwa sauti, wote kwa wakati mmoja. Mgeni angesikia kelele tupu. Mama aliwasikia mmoja mmoja. Msichana wa pembeni akikosea herufi aliitwa jina lake, na mama hata hakugeuza kichwa. Alikuwa na ufito, lakini kazi yake ilikuwa kufukuza kuku.

Mlango wetu wa mbele ulitazama barabara. Wa nyuma ulifungukia kichochoro kilichoanzia karibu na Ndia Kuu, kikapinda mara mbili katikati ya kuta za matumbawe, kikatokea nyuma ya msikiti. Hakikuwa na jina. Wanawake wawili wakikutana humo, mmoja alijibana ukutani na kuomba radhi, kisha wakasimama hapo hapo wakiongea mpaka wa tatu akaanza kusonya. Milango yote iliyokitazama ilikuwa ya jikoni, kwa hiyo sisi tulikihesabu kuwa ndani ya nyumba. Ukienda barabarani ulivaa buibui. Ukipita kichochoroni ulijitanda leso kichwani, ukavaa mitalawanda yako ya mbao, ukaenda kuomba chumvi. Mwanamume aliyekuwa na lazima ya kupita alisimama mwanzoni mwa njia, akakohoa, akasema "Napita", akangoja, kisha akapita akitazama miguu yake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, na sikumbuki mtu aliyeivunja.

Kwa sababu ya kichochoro hicho baba za wasichana waliwaacha waje chuoni. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini mabaharia bado walishuka kwa makundi, wakazurura kutoka Ngome ya Yesu, ambayo siku zile ilikuwa jela, mpaka sokoni, wakipiga picha chochote kilichotembea. Hapakuwa na baba wa mtaa wetu ambaye angemwacha binti wa miaka kumi na miwili apite katikati yao na msahafu kifuani. Ila kwa nyuma, mlango kwa mlango, binti alikuwa kama hajatoka kwao. Chuo cha mama kilisimama juu ya kichochoro kile, na bila kichochoro mama alikuwa na mikeka tu.

Sasa, katikati ya njia, kuta za pande mbili zilikuwa za mtu mmoja, tajiri wa mtaa wetu, mwenye ghala la tende na mchele huku na ghala jingine ng'ambo ya kichochoro. Ardhi ya chini pia ilikuwa yake. Kilichokuwa cha watu ni haki ya kupita, na haki hiyo ilishikwa na wakuu wa mji kwa niaba yetu. Tajiri akawaomba waiachilie. Alitaka kuezeka juu, kutia milango huku na huku, maghala mawili yawe moja. Tangazo likabandikwa upande wa Ndia Kuu, kwa Kiingereza, juu kabisa, mahali ambapo hata mwenye kujua Kiingereza angehitaji kigoda.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa karani wa forodha, mtu wa kola safi na maneno machache.

"Wataka kuifunga ndia ya nyuma," alimwambia mama.

"Nani?"

Mjomba akataja jina. Mama akacheka, kwa sababu mamake huyo tajiri alikuwa amekaa ndani kwetu wakati huo huo, kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha. Bibi yule alikuja kila asubuhi kwa njia ile ile, mitalawanda yake ikigonga mawe, akasikiliza wasichana wakisoma, akasinzia, akaamka, akarudi kwake kula. Hakutuona kuwa jirani wa kutembelewa. Alituona kuwa chumba kingine cha nyumba yake.

"Mwanangu?" alisema. "Hawezi. Mimi nitapita wapi?"

Hatukucheka siku nyingi. Kabla ya jiwe hata moja kuwekwa, baba wa kwanza alimwachisha binti yake. Alituma salamu nzuri sana: njia inafungwa, Mwalimu, tutafanyaje, ni kadari. Wiki iliyofuata wakaondoka wanne. Kisha wanne wengine. Wote walileta salamu zile zile, mpaka nikafikiri waliziandika mahali pamoja. Walipobaki kumi na wanne, mama alianza kukunja mikeka iliyokaa bure na kuisimamisha ukutani. Aliyemuuma zaidi alikuwa msichana mmoja wa miaka kumi na miwili, mwenye sauti nzito kuliko umri wake, aliyebakiza sura chache tu ahitimu. Mkeka wake mama hakuukunja.

Nilimuuliza kwa nini haendi kwa baba zao.

"Nende niseme nini?" alisema. "Ndia yafungwa. Wana haki."

Nilikasirika naye siku ile. Niliona anawapa watu haki kwa bei rahisi.

Kisha akaja mhesabu watu. Wakuu wa mji walitaka kujua njia inatumiwa na wangapi, wakamtuma kijana mmoja mgeni, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, na kiti, na mwavuli, na daftari. Alikaa mwanzoni mwa kichochoro siku tatu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, uso ameuelekeza ndani. Nilimchungulia kupitia ufa wa dirisha la juu. Sikuona ubaya wake. Hakuvuta sigara, hakupiga soga na wauza kahawa, hakuondoa macho kwenye njia hata mara moja. Alikuwa mwaminifu kabisa, na uaminifu wake ndio uliotumaliza.

Kwa maana ni mwanamke gani angetoka na leso yake mbele ya mwanamume aliyekaa na kukodoa macho? Siku ya kwanza mlango mmoja ulifunguka nusu, ukafungwa. Habari ikapita jikoni kwa jikoni: kuna mtu. Tulingoja akohoe aondoke. Hakukohoa. Wasichana wa chuo walivuka juu ya mapaa, wadogo wakibebwa, na wengine hawakuja. Bibi yule, mama wa tajiri, alibaki kwake siku tatu, akatuma mtu kuuliza kama mama anaumwa. Sisi wenyewe tuliona tunafanya adabu. Hata mimi na ulimi wangu sikutoka. Namlaani yule msichana wa miaka ishirini na mmoja mpaka leo, kusimama nyuma ya ufa siku tatu akimhurumia mhesabu huyo kwa jua.

Siku ya mkutano mjomba alienda pamoja na wazee wa mtaa. Alirudi akavua kofia, akaiweka gotini, akaitazama.

"Walifungua daftari," alisema. "Siku tatu. Imeandikwa paka, na mtu mmoja aliyepotea ndia."

"Na tajiri alisema nini?" niliuliza.

"Alisema hapiti mtu mwenye heshima. Ati ni ndia ya walevi na wezi wa usiku, afadhali ifungwe kwa usalama wa mtaa."

"Na nyinyi mlijibu nini?"

Mjomba aligeuza kofia gotini. "Tungesema nini? Mzungu auliza, nani hupita? Mtu asimame mbele ya baraza aseme, mke wangu hupita saa tatu, binti yangu hupita saa nne? Mbele ya watu?"

Hapo nilielewa. Wanaume kumi na mmoja wenye vilemba walikuwa wamekaa kimya, wamefyata mikia, si kwa woga wa serikali. Waliona haya kusema kwamba wake zao wana miguu.

"Kwa hivyo sisi ni paka," nilisema. "Heshima yetu imetufanya paka!"

Mjomba akaniambia nishushe sauti. Nikampandishia. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, na mengine hayakumhusu mjomba, yalimhusu mume aliyeniacha. Aliyeninyamazisha ni mama. Alikuwa ameuchukua mkeka wa yule msichana wa miaka kumi na miwili, ameuweka mapajani kama mtoto.

"Lete kalamu," aliniambia. "Andika."

Niliandika kwa herufi zetu za Kiarabu, Kiswahili cha mama, kwa sababu hakuna nyingine nilizozijua. Aliwaambia wakuu wa mji kwamba hesabu yao ni ya uongo ingawa aliyeihesabu si mwongo. Aliwaomba waje wenyewe Jumatano asubuhi, wakati wa chuo, wasimame barabarani, nje ya njia, wakitazama upande mwingine, nao wataletewa wanaopita. Mjomba aliipeleka barua hiyo kwa mwandishi wa barua anayekaa na mashine yake nje ya mahakama, ikageuzwa Kiingereza. Alisema mwandishi aliisoma mara mbili na kuuliza, huyu ni nani? Mjomba akamjibu, ni dada yangu. Nilimsamehe nusu kwa jibu hilo.

Juma hilo mama alipita nyumba zote za kichochoro. Hakuhutubia mtu. Aliingia jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi au gunia, akasema, "Jumatano nakutaka." Wengine walisema waume zao hawatakubali. Mama alisema, "Sikumwomba yeye. Nimekuomba wewe." Nilikuwa nyuma yake, nikashika ukuta. Sikuwa nimewahi kumsikia hivyo.

Jumatano wakaja kweli. Mzungu mmoja mwekundu mwenye kofia ya jua, mkalimani wake, yule kijana wa daftari na kiti chake, tajiri mwenyewe na kanzu ya hariri, na wazee wa mtaa, mjomba miongoni mwao, waliosimama mbali kidogo kana kwamba walikuwa wanapita tu. Wauza kahawa waliacha kugonganisha vikombe. Mama alituamuru tuvae buibui, maana tulikuwa tunatokea mbele ya watu, kisha akaanza kututoa mmoja mmoja kwenye mdomo wa kichochoro. Tulitoka, tukapita mbele yao, tukaingia barabarani, tukazunguka kurudi nyumbani kwa mlango wa mbele. Kijana akaandika. Alikuwa ameandika kama tisa au kumi hivi tajiri alipocheka.

"Bwana," alimwambia mkalimani, "mwambie mkubwa wako hawa ni wale wale. Watoka hapa, wazunguka, warudi. Buibui ni buibui. Nani atajua?"

Mkalimani akatafsiri. Mzungu akatikisa kichwa, akamwashiria kijana aache kuandika. Kijana akaacha, na kalamu akaiweka nyuma ya sikio.

Kilichotusitiri maisha yetu yote sasa kilikuwa kinatufuta, na kwa hilo tajiri hakuwa amesema uongo, buibui ni buibui. Nilitaka kulivua langu nilitupe usoni mwake. Nilikwisha shika kamba ya buibui. Mama akanishika mkono.

Kisha akasema. Mama, ambaye katika miaka yangu yote hakuna mwanamume asiye wa nyumbani aliyeijua sauti yake, alisema kutoka ndani ya kichochoro, kwa sauti ile ya kuitia wasichana.

"Someni. Kila mtu alipofika."

Msichana wa kwanza akatoka akisoma. Alikuwa mdogo, yuko kwenye sura fupi za mwisho, anazikimbiza kama watoto wanavyofanya. Akapita. Wa pili akatoka mahali pengine kabisa pa msahafu. Wa tatu alikuwa na kitembe. Wa nne alikosea herufi, na kutoka ndani mama akamsahihisha papo hapo, msichana akairudia, akaendelea. Wazee wa mtaa, waliokuwa wanapita tu, wakasimama. Mmoja alivua viatu pale pale barabarani. Mkalimani alikuwa Mwislamu, akashusha karatasi zake na kuinamisha kichwa, na Mzungu alipomuuliza kunani, alimjibu kwa maneno marefu kuliko tuliyoyasikia kutoka kwake asubuhi nzima. Mjomba alituambia baadaye alichosema: kwamba hapana mtu mmoja anayeweza kuwa mahali kumi na nne katika kitabu kimoja.

Kijana akachukua kalamu sikioni, akaanza upya.

Baada ya wasichana wakapita wanawake wazima. Hao nao, kwa kuwa mlango ulikwisha funguliwa, hawakunyamaza. Mmoja alisema, "Mimi wa nyumba ya kisima, naenda kwa dadangu kila siku." Mwingine, "Mimi mkunga, andika usiku pia." Nilipita mimi. Sikumbuki nilisema nini, lakini mjomba alikohoa.

Wa mwisho tulisikia mitalawanda kabla hatujamwona. Bibi yule, mama wa tajiri, alikuja taratibu na bakora yake, akasimama mbele ya mwanawe.

"Nami niandikeni," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, umesema hupita walevi na wezi. Mimi ni yupi?"

Tajiri alisema, "Mama, rudi ndani, jua kali." Bibi hakurudi ndani. Aliomba kiti cha kijana wa daftari, akakaa.

Mzungu alimwelekea mama, au tuseme aliuelekea mdomo wa kichochoro, maana mama alikuwa hajatoka. Kupitia kwa mkalimani aliuliza swali moja. Kwa nini siku zile tatu hakuna aliyepita?

"Kwa kuwa yeye alikuwa ameketi," mama alisema.

Mkalimani alianza kutafsiri, akasita, akatabasamu, akaanza tena. Kijana wa daftari ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliona aibu mpaka shingoni, nikamhurumia tena, safari hii kwa haki.

Barua ya majibu ilichukua muda kama barua zote za serikali. Tulipoipata ilisema haki ya kupita haitaachiliwa. Tajiri akajenga ghala lake la pili kwenda juu, ghorofa nzima, na bado mamake alipita chini yake kila asubuhi.

Lakini mikeka ilikuwa bado imesimama ukutani. Jumamosi ya kwanza baada ya barua, hakurudi hata mmoja wa wale tisa. Mama alisema labda hawajasikia. Walikuwa wamesikia, Mombasa nzima ilikuwa imesikia. Niliona anavyotazama ule mkeka mmoja uliobaki umetandikwa, nikachukua leso, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilianza na aliye mbali na nikamaliza na baba wa yule wa miaka kumi na miwili. Nilisimama mlango wao wa jikoni, nikamwomba mkewe amwite. Alikuja, hakunitazama, ila alisimama. Nikamwambia mama anamsalimu na kwamba njia iko wazi.

"Nimesikia," alisema. "Lakini, mwanangu, mtoto sasa amekuwa mkubwa. Na ndia ile ina maneno siku hizi. Sauti za wanawake zimefika barabarani."

"Ndia haina maneno," nilimwambia. "Ndia ni mawe. Ulituma salamu kwamba inafungwa. Haikufungwa. Sasa kama ni wewe usiyetaka, sema ni wewe, nimpelekee mama hiyo."

Nyuma yake, karibu na jiko, msichana alikuwa amesimama na upawa mkononi. Alikuwa anamtazama babake. Nafikiri mpaka saa ile aliamini kweli kwamba ni ukuta uliomzuia.

"Ni mimi," babake alisema mwishowe.

"Ahsante," nilisema, na nikaondoka kabla sijaongeza jingine. Njia nzima kurudi nilikuwa nalia kwa hasira, leso usoni, nikijibana kuwapisha watu.

Kati ya wale tisa, sita walirudi mmoja mmoja kabla ya mwezi kwisha. Wawili hawakurudi kamwe, na baba zao wakikutana na mjomba walivuka barabara. Wa tisa alikuja Jumatano moja, katikati ya masomo. Tulisikia jozi mbili za mitalawanda kichochoroni, yake na ya mamake. Mamake alimsukuma ndani kidogo, akasimama mlangoni, uso mkavu kama mtu aliyetoka kwenye ugomvi na hajutii. Sikumuuliza nani alikubali.

Msichana akakaa kwenye mkeka wake. Kelele za wenzake hazikukoma. Mama hakugeuza kichwa.

"Ulikuwa umefika wapi?" alimuuliza.

Akaanza pale pale.